Mjadala: Mkataba wa Sakafu ya Bahari wa 1971 ulizuia silaha au ulipima maji?

Mtoa mada

Ndugu wanamjadala, naleta mbele yenu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka linaonekana ni la watu wa Geneva, ilhali limeandikwa juu ya maji yetu pia. Tarehe 11 Februari 1971, katika miji ya London, Moscow na Washington, ulifunguliwa kwa kutiwa saini mkataba unaokataza kusimika silaha za nyuklia na silaha nyingine za maangamizi ya halaiki kwenye sakafu ya bahari na katika udongo ulio chini yake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini. Mkataba ulianza kutumika tarehe 18 Mei 1972 na upo hadi leo. Swali langu ni hili: je, ulikuwa kweli mkataba wa kudhibiti silaha, au yalikuwa mapatano ya madola mawili kuhusu maji ya nchi yanaishia wapi, yakavikwa kanzu ya amani? Mimi nashika la pili, na nitalitetea kwa mwenendo wa mazungumzo yenyewe.

Chanzo hakikuwa kwa wakubwa. Tarehe 1 Novemba 1967 balozi wa Malta katika Umoja wa Mataifa, Arvid Pardo, alitaka sakafu ya bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote itambuliwe kuwa urithi wa pamoja wa binadamu na itumike kwa shughuli za amani tu. Wazo hilo lilipofika kwenye kamati ya upunguzaji silaha iliyokuwa ikikaa Geneva, ambayo wenyeviti wake wawili walikuwa Marekani na Umoja wa Kisovieti, lilibadilika sura. Tarehe 18 Machi 1969 Wasovieti waliwasilisha rasimu iliyokataza matumizi yote ya kijeshi ya sakafu ya bahari, kuanzia maili 12 kutoka pwani. Tarehe 22 Mei mwaka huohuo Wamarekani walijibu kwa rasimu yao: kinachokatazwa ni silaha za nyuklia na za maangamizi ya halaiki peke yake, lakini kuanzia maili 3 tu.

Ziangalieni namba hizo kwa makini. Umoja wa Kisovieti ulikuwa ukidai maji ya kitaifa ya maili 12. Marekani ilikuwa ikitambua maili 3 na si zaidi, msimamo ambao haikuuacha mpaka Desemba 1988. Kila mmoja alikwenda Geneva na maili zake mfukoni. Kama shabaha ingekuwa silaha tu, ingekuwa sadfa ya ajabu kwamba mahali silaha inapoanza kuwa haramu ni palepale ambapo kila mmoja alikuwa akidai mpaka wake.

Marekani iliziogopa maili 12 kwa sababu inayoeleweka. Maji ya kitaifa yakipanuliwa kutoka maili 3 hadi 12, milango ya bahari zaidi ya mia moja duniani inaingia yote ndani ya maji ya nchi za pwani, na kwa mujibu wa mkataba wa Geneva wa 1958 kuhusu maji ya kitaifa, ambao haukutaja upana wake, nyambizi inayopita katika maji ya kitaifa ya nchi nyingine inapaswa kuibuka juu na kuonyesha bendera yake. Nyambizi inayolazimika kuibuka imepoteza kazi yake. Ndiyo maana mwaka 1958 mataifa yalikutana Geneva yakashindwa kukubaliana juu ya upana wa maji ya kitaifa, na mwaka 1960 yakakutana tena, na pendekezo la Marekani na Kanada la maili 6 za mamlaka kamili na nyingine 6 za uvuvi likaanguka kwa upungufu wa kura moja. Jeraha hilo lilikuwa bado bichi mwaka 1969.

Kwa upande wa pili, Marekani haikukubali kukataza matumizi yote ya kijeshi kwa sababu tangu miaka ya 1950 ilikuwa imetandaza sakafuni vinasa sauti vya kusikilizia nyambizi za Wasovieti. Mtandao huo ulikuwa siri, na haukutangazwa hadharani mpaka mwaka 1991. Kwa hiyo rasimu ya pamoja ilipotolewa tarehe 7 Oktoba 1969, ilichukua maili kutoka Moscow na orodha ya silaha kutoka Washington. Ili Wamarekani wasionekane wamekubali maili 12 kuwa maji ya kitaifa, waandishi wa rasimu waliazima kipimo cha ule ukanda unaopakana na maji ya kitaifa, uliotajwa katika mkataba wa 1958, ambao kisheria haukuruhusiwa kuvuka maili 12. Kisha ibara ya 4 ikaongezwa, inayosema kwamba hakuna lolote katika mkataba huu litakalotafsiriwa kuunga mkono au kudhuru msimamo wa nchi yoyote kuhusu maji yaliyo karibu na pwani yake. Nionyesheni mkataba mwingine wa silaha unaotumia ibara nzima kuapa kwamba hauhusu mipaka.

Walioielewa hila hiyo walipiga kura zao. Tarehe 7 Desemba 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliupongeza mkataba kwa kura 104; zilizoupinga ni Peru na El Salvador, na zilizojizuia ni Ecuador na Ufaransa. Peru na Ecuador, pamoja na Chile, zilikuwa zimetangaza maili 200 tangu mwaka 1952. Hazikuwa na bomu la kuficha sakafuni.

Na hicho kilichokatazwa ni kitu gani hasa? Kombora lililosimikwa mahali pamoja chini ya bahari linaliwa na chumvi, halihami, na likishajulikana lilipo halina kinga. Nyambizi hubeba kombora lilelile na kutembea nalo, na nyambizi hazikuguswa. Hata nyambizi ikijilaza sakafuni, kwa tafsiri iliyotolewa na Marekani wakati ule, inahesabiwa kuwa chombo kilichotia nanga. Kuahidi kutosimika kombora sakafuni huku nyambizi zikizunguka ni sawa na mlevi anayeapa kwamba hatagusa maji ya chumvi.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, tarehe zako sina ugomvi nazo. Hukumu yako ndiyo siikubali. Mimi nafundisha historia, na kosa ninalolisahihisha kila muhula kwenye karatasi za wanafunzi ni kudhani kwamba ukishajua nia ya mtu umeshajua thamani ya kitendo chake. Wasovieti na Wamarekani walikuwa na nia zao, naam, lakini marufuku waliyoiandika imebaki hata baada ya mmoja wao kusambaratika.

Tazama familia ambayo mkataba huu ulizaliwa ndani yake. Bara la Antaktika lilifungwa lisiingizwe silaha mwaka 1959. Anga za juu zilifungwa zisiwekewe silaha za nyuklia mwaka 1967, mwaka uleule ambao nchi za Amerika ya Kusini na Kati zilitia saini mkataba wa Tlatelolco, unaokataza silaha za nyuklia katika eneo lao. Yote hayo ni maeneo ambayo yalikatazwa yakiwa matupu, kwa sababu rahisi kwamba mahali patupu hapana mwenye mali anayetetea mali yake. Waswahili tunahimizana kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Hawa walipiga lipu kabla ufa haujatokea, nasi leo tunawacheka kwamba hapakuwa na ufa. Ungetaka wasubiri mpaka makombora elfu moja yawe yameshalala sakafuni, ndipo waanze kujadiliana namna ya kuyaopoa?

Pili, unaandika kana kwamba wadogo walikaa kimya. Rasimu ile ya Oktoba 1969 haikupita kama ilivyoletwa. Ilirudishwa na kuandikwa upya mara kadhaa mpaka Septemba 1970. Kanada ilishikilia kwamba haki ya kukagua isiwe ya wenye vifaa vya kuzamia peke yao, na matokeo yake ibara ya 3 inasema nchi yoyote mwanachama inaweza kukagua kwa njia zake yenyewe, au kwa msaada wa mwanachama mwingine, au kwa utaratibu wa kimataifa ndani ya Umoja wa Mataifa. Alva Myrdal wa Sweden na Alfonso García Robles wa Mexico, ambao baadaye, mwaka 1982, walishirikiana Tuzo ya Nobel ya Amani, walikuwa ndani ya kamati hiyo, na Myrdal hakuficha kwamba aliiona marufuku kuwa finyu. Lakini walikaa, wakajadili, na ibara ya 5 ikaingizwa, inayowafunga wanachama kuendelea na mazungumzo ya kuzuia mashindano ya silaha sakafuni. Kwamba ahadi hiyo haikutekelezwa ni aibu ya waliokuja baadaye.

Mchangiaji wa pili

Wakubwa zangu, mimi si mwanasheria wala mwalimu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye vyombo vya mizigo vya mwambao, na nitasema lile ambalo ramani ya bahari imenifundisha.

Simama ufukweni pa Bagamoyo maji yakigusa miguu, macho yako yakiwa kimo cha mtu wa kawaida. Upeo unaouona hauzidi kilomita 5, yaani hata maili 3 za baharini hazitimii. Ukitaka kuona maji yaliyo maili 12 kutoka ulipo, kilomita 22 na kitu, lazima upande mnara wenye urefu wa kama mita 40. Ndiyo kusema maili 3 ni bahari ya mtu aliyesimama mchangani, na maili 12 ni bahari ya mtu aliyeko juu ya mnara. Kati ya Unguja na bara, mkondo wenyewe katika sehemu nyembamba haufiki kilomita 40. Kwa kipimo cha maili 3 kutoka kila upande, katikati panabaki njia pana ambayo meli yoyote ya vita ingepita bila kumwamkia mtu. Kwa maili 12 mlango unafungwa kabisa. Kwa hiyo nikisoma kwamba watu walibishana miezi kadhaa Geneva juu ya 3 na 12, sioni ajabu yoyote.

Lakini lipo jambo ambalo ninyi wawili mmelipita. Zamani tulikuwa na bildi, lile bonge la risasi lililofungwa kwenye kamba yenye alama. Unalitupa, linagonga chini, unahesabu pima ngapi zimekwenda, na ukilipaka mafuta kitakoni linakuletea mchanga au tope ujue umesimama juu ya nini. Bildi haiulizi pwani iko umbali gani, inauliza kina. Sasa mkataba huu unaitwa wa sakafu ya bahari, na kipimo chake chote ni cha juu ya maji. Katika mkondo wa Unguja unaweza kwenda mbali sana na ufuko na bado nanga yako ikashika chini bila taabu; ukienda mkondo wa Pemba, si mbali sana na nchi kavu, chini yako yapo mamia ya mita. Maili zilezile 12, sakafu mbili zisizofanana hata kidogo. Mtu anayetaka kuzuia kitu kisisimikwe chini angeuliza kwanza chini ni wapi, mzamiaji anafika wapi, na mashine inafika wapi. Hawakuuliza. Walichukua mstari wa watu wa forodha na uhamiaji wakauzamisha. Hapo namuunga mkono mtoa mada, ingawa kwa sababu yangu mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Nimefurahishwa na mchango wa Mzee wa bahari, na naomba kuongeza upande wa sheria, kwa kuwa naona mjadala unakwenda kana kwamba historia ilisimama mwaka 1971.

Miaka miwili tu baada ya mkataba huo, mwezi Agosti 1973, Tanzania ilitangaza maji ya kitaifa ya maili 50. Kenya nayo, mwaka 1972, iliwasilisha katika kamati ya Umoja wa Mataifa ya sakafu ya bahari pendekezo la ukanda wa kiuchumi wa maili 200, ambao ndani yake nchi ya pwani ingemiliki samaki na madini bila kuzuia meli za wengine kupita. Ni pendekezo hilo, si la maili 50, lililoshinda. Mkataba wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini Montego Bay tarehe 10 Desemba 1982 uliweka maji ya kitaifa yasiyozidi maili 12 na ukanda wa kiuchumi usiozidi 200. Tanzania iliridhia mwaka 1985, Kenya mwaka 1989, na mwaka huohuo wa 1989 Tanzania ikatunga sheria iliyoirudisha nchi kwenye maili 12. Mheshimiwa Joseph Warioba, kabla ya kuwa Waziri Mkuu, alikuwa miongoni mwa waliozungumza kwa niaba yetu katika safari hiyo ndefu, na baadaye alikuwa jaji katika Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg.

Kwa nini nayaeleza haya? Kwa sababu ibara ya 4, ambayo mtoa mada anaibeza, ndiyo iliyoacha mlango wazi kwa madai hayo yote. Bila kinga hiyo, mjumbe wa dola kubwa angeweza kumwambia mjumbe wa Dar es Salaam mwaka 1973: wewe ulishakubali maili 12 ulipotia saini mkataba wa silaha, hizi 50 umezitoa wapi? Ibara ile ilimnyima hoja hiyo. Hila iliyotengenezwa na wakubwa kwa ajili ya wakubwa iliwafaa wadogo, na katika diplomasia hilo si jambo dogo.

Kuhusu mwanya mkubwa zaidi, naona hakuna aliyeutaja waziwazi. Marufuku ya 1971 haiigusi nchi ya pwani ndani ya maili zake 12 yenyewe. Mle ndani, kwa mkataba ule peke yake, ingeweza kusimika itakacho. Kwetu Afrika mwanya huo umezibwa. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 2009, unaifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, na unapofafanua maana ya eneo la nchi unataja bahari ya kitaifa pamoja na sakafu yake na udongo ulio chini. Kilichoachwa Geneva kilifungwa Cairo, na waliokifunga ni wenye pwani wenyewe.

Mtoa mada

Nawashukuru. Kuhusu Pelindaba nakubali bila kusitasita, na kuhusu ibara ya 4 mwanasheria amenisogeza: nilikuwa naisoma kama ushahidi wa unafiki, kumbe ilikuwa pia ngao. Naliondoa neno "kanzu".

Hata hivyo Pelindaba nayo ina mipaka yake. Inamwachia kila mwanachama uamuzi wa kuruhusu au kukataa meli za kigeni kutia nanga na kupita, bila kuuliza zimebeba nini, na Diego Garcia, kisiwa cha Bahari ya Hindi kinachoshikiliwa na Uingereza, kimechorwa ndani ya ramani yake ilhali Uingereza haikubali kwamba kimo. Mwaka 1971, mwezi Desemba, Sri Lanka na Tanzania zilikuwa zimelisukuma Baraza Kuu likaitangaza Bahari ya Hindi kuwa ukanda wa amani, na miaka hiyohiyo kambi ya kijeshi ya Marekani huko Diego Garcia ikawa inajengwa. Sakafu ikawa safi, juu yake manowari.

Mwalimu, hoja yako ya kukataza mahali pangali patupu ningeikubali zaidi kama walinzi wangebaki lindoni. Mkataba uliagiza mikutano ya mapitio. Ilifanyika Geneva mwaka 1977, 1983 na 1989, na huo wa 1989 ndio wa mwisho. Tangu hapo sakafu imejaa. Tarehe 26 Septemba 2022 mabomba ya gesi ya Nord Stream yalilipuliwa katika Bahari ya Baltiki kwa baruti ya kawaida, ambayo mkataba wa 1971 haukuikataza, kwa sababu Wamarekani waliikataa rasimu pana ya Wasovieti. Tarehe 1 Machi 2018 Rais Putin alitangaza Poseidon, chombo kisicho na rubani kinachoendeshwa kwa nyuklia na kinachoweza kubeba bomu la nyuklia chini ya maji. Kwa kuwa kinatembea, nacho hakimo. Na sisi tulionja udhaifu wa sakafu tarehe 12 Mei 2024, ingawa hapo sidai kwamba kulikuwa na mkono wa adui, mikongo ya mawasiliano ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilipokatika upande wa kusini na intaneti ikazorota kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala. Siku ile nilikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima nikingoja barua pepe moja ifunguke, ndipo nilipoanza kuusoma mkataba huu.

Pendekezo langu kwa mjadala ni mahususi. Nchi za Afrika zilizo wanachama ziombe mkutano wa nne wa mapitio, na ziweke mezani mambo mawili: vyombo visivyo na watu vinavyoweza kukaa sakafuni miezi mingi, na vifaa vya kijeshi vinavyowekwa na nchi za kigeni kati ya maili 12 na 200 bila ridhaa ya nchi ya pwani. Hilo la pili India ililisema mapema, ilipouridhia mkataba: kwamba ina haki ya kukagua na hata kuondoa kifaa chochote kinachowekwa na wengine kwenye mwendelezo wa sakafu yake.

Mchangiaji wa kwanza

Umenijibu vizuri, ila naogopa mkutano huo. Ukikifungua chungu cha zamani mbele ya wakubwa wa leo, huna hakika kitafunikwa kikiwa na kilichokuwamo. Ufaransa haijajiunga mpaka sasa. China ilijiunga mwaka 1991, katika hali ya hewa ya kisiasa ambayo leo haipo. Marufuku finyu inayoheshimiwa naiona bora kuliko marufuku pana inayokufa kwenye kamati. Mimi ningeanza na Umoja wa Afrika, kwa itifaki mpya ya Pelindaba itakayohusu ukanda wa kiuchumi, halafu ndipo twende Geneva.

Mchangiaji wa tatu

Itifaki ya namna hiyo itakutana na ukuta uleule: madola yenye manowari husema ukanda wa kiuchumi ni wa samaki na mafuta, na shughuli za kijeshi humo ni sehemu ya uhuru wa bahari kuu. Mkataba wa 1982 unasema bahari itumike kwa amani, lakini haukusema vinasa sauti si amani. Nayasema haya si kwa kuvunja moyo, bali ili atakayeiandika rasimu aanze na neno hilo.

Mchangiaji wa pili

Atakayeiandika aende na ramani ya bahari, si atlasi ya shuleni. Kwenye ramani zetu mkongo huchorwa kwa mstari wa mawimbi wa rangi ya urujuani, na pembeni yake zimetapakaa namba ndogondogo za kina. Ukiufuata mstari huo kwa kidole kutoka Mombasa kwenda nje, namba zinaanza na makumi, zinakuwa mamia, kisha maelfu, na kidole chako bado hakijafika mbali. Mkipeleka pendekezo hilo, iwe Geneva au Addis Ababa, ombeni kila mahali panapoandikwa maili paandikwe na mita za kwenda chini.